Jinsi Mchungaji Cyrus Alivyopata Dameski Yake

Mchungaji Cyrus alichoka kuitwa mchungaji mwaka ule ambao kinyozi wa ng'ambo ya barabara alisimikwa kuwa mtume. Kanisa letu liko Bertrams, mtaa wa Johannesburg, katika ghala lililokuwa la magodoro, karibu na uwanja wa Ellis Park kiasi kwamba siku za mechi watu wakipiga kelele kule, sisi huku hujikuta tumesema amina. Yule kinyozi alikuwa na waumini wachache na viti vya kuazima. Lakini bango lake pale kwenye taa za barabarani liliandikwa MTUME, na la Cyrus, mwenye ghala zima na ngoma za kisasa, liliandikwa Mchungaji tu. Taa ikiwa nyekundu alilazimika kulisoma, na taa za kona ile huchelewa kubadilika.

Najua haya kwa sababu mimi ni fundi cherehani. Naitwa Ignace, natoka Uvira, kibanda changu kiko Troyeville, na nguo nyingi za utakatifu za mji huu zimepita chini ya sindano yangu. Mtu anayepimwa kifua husema yaliyo moyoni. Afanye nini, na mikono iko juu. Nimewashonea maaskofu, nimewashonea manabii, na kabla ya Cyrus nilikuwa nimeshona mitume saba. Yesu alitosheka na kumi na wawili kwa nchi nzima. Sisi tulikuwa tunamkaribia kwa mitaa miwili.

"Papa Ignace," Cyrus aliniambia siku aliyokuja kupimwa joho, "si unajua mtume maana yake ni aliyetumwa?"

"Najua, Pasta."

"Basi mimi nimetumwa kitambo. Ni vile tu hakuna aliyeniambia."

Aliyekuwa anasimika mitume alikuwa mzee mmoja wa Pretoria, Baba Hénock, mwenye suti nyeupe na viatu vyeupe, aliyejiita Baba wa Mitume. Yeye mwenyewe alisimikwa na nani, hakuna aliyewahi kuuliza. Hénock alikuwa na sharti moja. Kila anayetaka kusimikwa lazima asimame mbele ya kanisa aeleze alivyoitwa, na lazima awepo shahidi.

"Petro aliitwa akiwa na nyavu mkononi," alimwambia Cyrus. "Mathayo aliitwa akiwa mezani kwake anatoza ushuru. Paulo alitupwa chini njiani. Wewe ulitupwa wapi?"

Cyrus akaomba mwezi mmoja wa kufikiri.

Mwezi huo alianzisha darasa la Jumamosi alasiri juu ya mitume na jinsi walivyoitwa. Nadhani alikuwa anajitafutia wito unaomkaa vizuri, kama mtu anayejaribu makoti dukani. Nyavu hazikumfaa, Johannesburg haina bahari, na samaki wake ni wa kwenye mafriji. Mathiya alipigiwa kura, na Cyrus hakuziamini kura za kanisa letu. Alipofika kwa Paulo alikaa majuma matatu.

Aliyelipenda darasa lile kuliko sisi sote alikuwa Léocadie, jirani yangu tangu Uvira. Sisi Wakongomani tunamwita Mama Glody, kwa jina la binti yake, ambaye ukimsemesha Kiswahili hukujibu kwa Kizulu. Léocadie ni mlinzi katika kituo kimoja cha maduka huko Randburg. Alikuja darasani moja kwa moja kutoka zamu, na sare yake nyeusi na buti, akakaa mbele na Biblia ya Kifaransa magotini. Hakuwa msemaji. Siku moja tu aliinua mkono.

"Pasta, mi naona kitu kimoja," alisema. "Hawa wote, hakuna aliyeomba. Kila mtu alikuwa na kazi yake."

"Kweli kabisa, Dada Léocadie."

"Na wote walikufa vibaya."

Cyrus alitazama saa yake, akatuombea safari njema.

Siku ya kusimikwa ilifika, Jumapili ya mwezi wa sita, baridi kali. Ghala lilijaa. Upande mmoja walikaa Wakenya wa Randburg, watu wa benki na vyuo vikuu, wenye makoti mazuri. Upande mwingine sisi wa Bertrams na Troyeville, wasusi, mafundi na walinzi. Mbele kabisa alikaa Lynette, mke wa Cyrus, mwalimu wa hesabu, mwanamke mwenye utulivu ambao watu waliuita unyenyekevu. Dada Nkatha, ambaye kazi yake benki ni kupima hatari, alikuwa anarekodi kwa simu. Cyrus alisimama katika joho langu la zambarau. Nasema bila majivuno, lilimkaa.

"Miaka sita iliyopita," alianza, "nilikuwa mtu wa kiburi. Niliuza bima. Nilikuwa na Polo nyeupe na nilidhani Randburg yote ni yangu. Ilikuwa mwezi wa kumi, jua la mchana. Nilikuwa nimeshuka kwenye gari. Ghafla, kitu kama moto kikanipiga usoni."

Watu wakavuta pumzi.

"Nikaanguka magoti. Macho yangu yakafungwa. Nikasikia sauti. Na sauti ile, wapendwa, katikati ya Randburg, haikusema Kiingereza wala Kizulu. Ilinisemesha kwa Kiswahili. Ikaniuliza, kwa nini unapigana na mimi?"

Kanisa likalipuka. Wakenya waliokuwa hawajawahi kuinua mikono waliiinua. Mimi nilikuwa nafurahia jinsi mikono ya joho inavyoanguka vizuri akiinyoosha, ndiyo maana sikumtazama Léocadie mapema. Nilipomgeukia, alikuwa ameshika kiti cha mbele yake kwa mikono miwili.

"Siku mbili sikuona," Cyrus aliendelea. "Lakini kabla sijaondoka mahali pale, mkono nisioujua ulinishika kichwa, ukaniosha macho kwa kitu laini, cheupe, kama maziwa ya nchi ya ahadi."

"Yalikuwa maziwa," Léocadie alininong'oneza. "Ya pakiti."

"Nyamaza," nilimwambia.

Katika miaka mitano ya mahubiri Cyrus hakuwahi kuigusia habari hii hata mara moja, na nilishaanza kujiuliza kwa nini. Hénock akasimama, akauliza kama desturi yake ilivyo: je, yupo shahidi? Kwa kawaida mke wa mtu husimama, husema amina, na mafuta humiminwa. Lynette hakusimama. Alikuwa anamtazama mumewe kama anavyotazama hesabu ambayo jibu lake si sahihi. Baadaye alinieleza kwamba siku ile, miaka sita nyuma, Cyrus alirudi nyumbani macho yamevimba, akamwambia ni vumbi la maua ya mijakaranda. Lynette alimnunulia dawa ya mzio. Kila mwezi wa kumi tangu hapo alikuwa anafunga madirisha.

Nilimshika Léocadie sketi. Akanitoa mkono, akasimama.

"Mi niko shahidi," alisema. "Ile sauti ilikuwa yangu."

Kimya kilichofuata sijawahi kukisikia kanisani, hata wakati wa maombi ya kimya.

"Nilikuwa mwezi wa kwanza wa kazi," Léocadie aliendelea, polepole, kwa Kiswahili chetu ambacho Wakenya hukicheka na wao chao tunakistahi kwa adabu tu. "Mtu mwenye Polo nyeupe aliweka gari mahali pa walemavu. Tukafunga gurudumu kwa chuma. Akarudi, akataka kukitoa kwa nguvu. Nikamwambia, papa, ngoja. Akanisukuma, nikaanguka. Nilipoamka akaja tena. Njo nikampulizia pilipili. Woga ulinitoa Kiswahili mdomoni. Nilisema, kwa nini unapigana na mi? Halafu alilia sana, nikamwonea huruma, nikanunua maziwa nikamwosha. Alikuwa na ndevu, na uso ulivimba. Pasta, sikujua ni wewe."

Kulikuwa na mtu mmoja tu aliyecheka, huko nyuma, na akajifanya anakohoa. Jasho lilianza kumtoka Cyrus chini ya joho. Kitambaa kile hakipitishi hewa, nilimwambia. Nikawaza, basi, leo tumekwisha.

Lakini sikuwa nimempima Baba Hénock vizuri. Mzee alishuka jukwaani na viatu vyake vyeupe, akamkumbatia Léocadie mbele ya watu wote.

"Mungu alisema kwa kinywa cha punda wa Balaamu," alinguruma. "Atashindwa na pilipili?"

Paa la ghala lilitikisika. Watu waliruka, walilia, walipigana makofi ya mgongo. Mpiga ngoma alipiga mpaka akavunja kijiti. Cyrus, alipoona hafi, alitokwa na machozi ya kweli, na mafuta yakamiminwa kichwani pake, yakashuka mpaka kwenye kola niliyoishona kwa siku mbili. Tukatoka pale na mtume. Léocadie alibaki amesimama, na watu wakimshika mikono kwa zamu, akiwa na uso wa mtu aliyeripoti wizi halafu akapewa cheti.

Juma lililofuata ndipo yalipoanza. Nkatha alikuwa wa kwanza. Alikwenda kazini kwa Léocadie, akaegesha gari vizuri katikati ya mistari, akamfuata mlangoni.

"Dada, nimeokoka miaka kumi na minne," alisema. "Nafunga, natoa, nasaidia watu. Sijawahi kusikia sauti hata moja. Nipulizie kidogo tu."

Léocadie alimshauri anywe maji, aende nyumbani akalale. Kesho yake wakaja watatu. Alhamisi akaja Mtume Cyrus mwenyewe kibandani kwangu, ambako Léocadie alikuwa ameleta sare yake nirekebishe.

"Dada, Mungu ametupa huduma mpya," Cyrus alisema. "Ibada ya Dameski. Wewe utakuwa Anania wetu, yule aliyemfungua Paulo macho. Utasimama pale mbele na kile kikopo chako."

"Kikopo ni cha kampuni. Nakiandikia sahihi kila zamu."

"Nitanunua kingine."

Léocadie alifikiri. Alikuwa na heshima nyingi kwa wachungaji, alilelewa hivyo.

"Pasta," alisema, "mi nilikupulizia sababu ulinisukuma. Hawa watu hawajanisukuma."

Cyrus akacheka kidogo, akaniangalia nimsaidie. Nikainamia pindo la suruali.

"Na toka ile siku," Léocadie aliendelea, "hujaniambia pole. Hata Jumapili, ulinikumbatia tu."

"Si tulishasameheana katika roho?"

"Mi sikuwa huko."

Mtume akaangalia saa yake, akatuombea baraka za kazi, akaondoka.

Ibada ya Dameski ilifanyika bila Anania. Ilikuwa Jumapili ya upepo mkali, kwa hiyo milango ilifungwa yote. Watu kumi na mmoja walijitokeza kutafuta wito na kupiga magoti mstari mmoja, Nkatha akiwa wa kwanza, miwani ameikabidhi kwa rafiki. Cyrus alisema maneno machache juu ya njia ya Dameski, akanyoosha mkono, akabonyeza kikopo kipya.

Cha ajabu ni kwamba kati ya wasomi wote wale hakuna aliyewaza kuhusu feni. Ziliwaka kusambaza joto la hita. Pilipili haichagui, ilipanda, ikazunguka, ikashuka kwa kila mtu, waliotaka wito na waliotaka tu kurudi nyumbani wakapike. Wa kwanza kufika mlangoni alikuwa Baba wa Mitume. Sikujua kama mzee wa umri ule anaweza kuruka kiti. Tulimwagika barabarani tukikohoa na kulia, wachungaji na kondoo, na mashabiki waliokuwa wanaelekea uwanjani walipotuona wakadhani polisi wamerusha gesi, nao wakaanza kukimbia.

"Umeona nini?" nilimuuliza Nkatha, tulipokuwa tumekaa ukingoni mwa barabara.

"Niliona zambarau," alisema, macho yamefumba. "Zambarau tupu."

"Hilo lilikuwa joho, dada."

"Hata hivyo," alisema.

Video ilisambaa mji mzima. Mchana ule ule watu walikuwa wanaulizana upuuzi huu ulianzia wapi, na ndipo ile video ya kwanza, ya ushuhuda wa Léocadie, ikatafutwa ikasambazwa nayo, na mtu akaiwekea maandishi ya Kiingereza chini. Kufikia Jumatano ilikuwa mezani kwa wakuu wa kampuni ya ulinzi. Mlinzi wao anakiri mbele ya mamia kwamba alimpulizia mteja pilipili, na katika daftari la matukio la mwaka ule hakuna hata mstari. Léocadie akaitwa kwenye kikao cha nidhamu. Anaruhusiwa kuja na shahidi, barua ilisema.

Tulikwenda kwa Cyrus pamoja. Ofisi yake ilikuwa na kiti kipya chenye mgongo mrefu. Léocadie alibaki amesimama.

"Naomba barua moja tu," alisema. "Uandike ulinisukuma kwanza. Njo haki yangu ya kujilinda."

Cyrus alishika kichwa. Nitakuwa mkweli, aliteseka. Hakuwa mtu mbaya kuliko sisi wengine. Alisimama, akaenda dirishani, akarudi.

"Mama Glody, fikiria," alisema, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. "Nikiandika kwamba nilimpiga mlinzi mwanamke, huo si wito tena. Hiyo ni kesi."

"Na Paulo?" Léocadie aliuliza. "Paulo aliandika mwenyewe alivyotesa watu. Wewe ulitufundisha. Majuma matatu."

"Paulo hakuwa na mitandao," alisema Mtume. "Tutakuombea."

Tukashuka ngazi. Nilitaka kumwambia Léocadie neno la kumfariji, lakini nilikumbuka nilivyomshika sketi, nikamuuliza tu kikao ni saa ngapi.

Kikao kilikuwa Ijumaa asubuhi, Randburg, chumba kidogo nyuma ya maduka. Mimi nilikwenda kama mkalimani, kwa sababu Kiingereza cha Léocadie kinatosha kuongoza magari lakini hakitoshi kujitetea. Meneja aliitwa Wayne, mtu wa hapa hapa Johannesburg, mchovu, mwenye mafaili mengi. Léocadie alieleza, mimi nikatafsiri. Wayne akauliza kwa nini hakuandika daftarini. Akajibu kwamba alikuwa mgeni kazini, alidhani ukiandika umepigana unafukuzwa.

"Kuna mtu yeyote anayeweza kuthibitisha kwamba alikusukuma?" Wayne aliuliza.

Nilikuwa bado natafsiri mlango ulipofunguliwa. Lynette aliingia, akiwa na mkoba wake wa shule na chaki kidogo kwenye mkono wa koti. Aliomba radhi kwa kuchelewa. Alikuwa na darasa. Akaketi bila kukaribishwa.

"Jana nilimuuliza mume wangu mara tatu," alisema. "Mara mbili alinijibu kwa maandiko. Mara ya tatu alikubali. Alimsukuma huyu mama akaanguka, halafu akamrudia. Nimeandika, nimeweka sahihi, na simu yangu iko hapo chini."

Wayne aliisoma karatasi.

"Mume wako anafanya kazi gani?"

"Ni mtume."

Wayne alinigeukia kana kwamba nimekosea kutafsiri, ingawa Lynette alisema Kiingereza vizuri kuliko sisi wote mle ndani.

"Mtume. Kwa hiyo ametumwa," alisema taratibu. "Na nani?"

Lynette alifunga mkoba wake.

"Hilo nalo nilimuuliza," alisema.

Léocadie hakufukuzwa. Alipewa onyo la maandishi kwa kutojaza daftari, na akaambiwa arudi kwenye lango lake saa sita. Nje, kwenye ngazi, Lynette alimshika mkono akamwambia pole, kwa yale ya miaka sita na kwa yale ya juma lile. Léocadie akamjibu asante, mama, kisha akageuka upande mwingine kidogo akajifuta uso kwa kofia ya kazi. Ilikuwa mara ya kwanza nimwone analia, na tulivuka ziwa Tanganyika pamoja wakati wa vita.

Kanisa halikufa. Ukitaka kuua kanisa Johannesburg usitumie aibu. Video ya Dameski ilituletea watu kutoka Soweto na Midrand, na bango jipya pale kwenye taa linamwonyesha Mtume Cyrus akiwa na miwani myeusi. Nkatha sasa ni shemasi. Mimi niliagizwa majoho matatu, nikayashona, na sina la kujisifia hapo.

Jumapili iliyofuata kikao, Mtume alihubiri juu ya Yuda. Hakutaja jina la mtu, ila alisema msaliti hatoki mbali, hutoka mezani pako. Léocadie alikuwa zamu. Lynette alikaa mahali pake pa siku zote, safu ya mbele, Biblia wazi magotini, akifuatilia kila andiko kwa kidole. Cyrus alitaja Mathayo ishirini na nne.

"Ishirini na sita," Lynette alisema kwa sauti ya darasani, bila kuinua macho.

Mtume alisita, akasema amina, ishirini na sita, akaendelea. Baada ya dakika tatu akakosea tena.